Ungeniambia Tu

Babu yangu mzaa mama alikuwa akisema kwamba Wamarekani walificha mabomu Tunguu. Alilisema hilo jioni barazani, kwa utulivu uleule aliotumia kueleza bei ya samaki, na sisi wajukuu tuliokuwa tukienda skuli tulitazamana na kucheka chini kwa chini. Tulishasoma bwana. Tulijua kwamba Tunguu hapakuwa na bomu. Palikuwa na kituo cha kufuatilia vyombo vya anga vya mradi wa Mercury: antena, redio, na mafundi wa kusikiliza. John Glenn alipoizunguka dunia mwezi Februari 1962, Zanzibar ilikuwa moja ya vituo vilivyomfuatilia. Sasa mzee anatuambia mabomu!

Siku moja mmoja wetu alijitia ujasiri akamkosoa. Babu hakukasirika. Alisema: "Mtu akijenga kiwanjani kwako na hakwambii anajenga nini, wewe utasema anajenga msikiti?"

Tukacheka tena. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 serikali mpya ilitaka kituo kile kiondoke, na mwaka huohuo kikaondoka. Kwa miaka mingi nilikihesabu kisa hiki kama mfano wa watu wasiojua wanachokiogopa. Nimekuwa nikikisimulia hivyo hata mbele ya wanafunzi.

Kilichonifanya niache ni tarehe moja. Tarehe 21 Aprili 1964, siku tano kabla ya Tanganyika na Zanzibar kuungana, Marekani ilirusha kutoka California setilaiti ya aina ya Transit, iliyokusudiwa kuzisaidia meli za jeshi la majini kujua zilipo baharini. Roketi ilishindwa kuifikisha kwenye njia yake. Setilaiti ikarudi kwenye hewa ya dunia na kuungua juu sana, juu ya Bahari ya Hindi, kaskazini ya Madagaska. Ndani yake mlikuwa na jenereta iliyoitwa SNAP-9A, na ndani ya jenereta mlikuwa na karibu kilo moja ya plutoniamu-238. Plutoniamu ile haikuanguka kama jiwe. Iligeuka vumbi jembamba mno, ikabaki juu angani, ikawa inashuka kidogo kidogo kwa miaka.

Kwa hiyo katika wiki zilezile babu na wenzake walipokuwa wakizitazama antena za Tunguu kwa jicho la wasiwasi, antena zisizo na dhara lolote, kitu chenyewe cha kuogopwa kilipita juu ya bahari hii hii wanayovua, na hakuna aliyewaambia. Walishuku mahali pasipo, ndiyo. Lakini hawakukosea kushuku. Tangu niyajue hayo sijacheka tena.

Ngoja nieleze kwanza kitu chenyewe, maana neno plutoniamu likitajwa watu huona wingu la bomu, na hapo mazungumzo huishia.

Plutoniamu ziko aina kadhaa. Ya bomu ni 239. Hii ya 238 haifai kwa bomu. Sifa yake ni moja tu, nayo ni joto. Kilo moja yake hutoa joto la zaidi ya wati 500, kama nusu ya pasi ya umeme, na hulitoa bila kuwashwa, bila hewa, bila kuchochewa, usiku na mchana. Baada ya miaka 87 na miezi kadhaa joto hilo hupungua kufikia nusu. Baada ya miaka mingine kama hiyo hufikia robo. Ukiiweka plutoniamu hiyo katikati, ukaizungusha vipande vya metali maalumu ambavyo upande mmoja unagusa joto na upande wa pili unagusa baridi ya anga, umeme unapita. Kanuni hiyo inajulikana tangu mwaka 1821, alipoieleza Mjerumani Thomas Seebeck. Hakuna pangaboi, hakuna mafuta, hakuna kitu kinachozunguka kikachakaa. Vyombo vya Voyager vilitumia mchanganyiko wa silikoni na jemaniamu. Gari la Perseverance lililoko Mirihi linatumia mchanganyiko wenye risasi na teluriamu. Kinachopatikana ni kidogo: katika kila wati 100 za joto, labda 6 au 7 ndizo zinazogeuka umeme. Perseverance ina kilo 4.8 za mafuta hayo na hupata wati 110 tu, ambazo ni sawa na balbu moja ya zamani, ile ya kuunguza vidole, na ziada kidogo.

Kwa nini watu wajitie kwenye matatizo yote hayo kwa balbu moja? Kwa sababu jua linachoka. Ukifika Mshtarii, mwanga wa jua umebaki karibu sehemu moja ya ishirini na tano ya huu tunaouota hapa. Ukifika Zohali, ni karibu sehemu moja ya mia. Mbele ya hapo, sola hata uitandaze uwanja mzima haikupi kitu. Betri nayo huisha kwa siku chache. Anayetaka kwenda mbali na kukaa huko muda mrefu anahitaji kitu kinachobaki na joto kwa miaka kama jiko lililofunikwa majivu, na vitu vya namna hiyo duniani ni vichache mno.

Na matunda yake, sitaki kuwa mnafiki, nimeyala. Voyager mbili zilirushwa mwaka 1977, kila moja na jenereta tatu za namna hii, jumla ya wati 470 hivi siku ya kuondoka. Kila mwaka zinapoteza kama wati 4. Wahandisi wanavizima vifaa kimoja baada ya kimoja, kama familia inayozima taa za vyumba ili friji iendelee, na bado vyombo vile vinaongea nasi, cha kwanza kikiwa zaidi ya kilomita bilioni 24 kutoka hapa. Picha za pete za Zohali zilizoletwa na Cassini niliwahi kuzibandika darasani. Nilizipenda. Nazipenda bado. Zote zilipigwa kwa umeme wa plutoniamu.

Sasa swali langu. Je, inafaa kumtwisha mtu hatari ambayo hakuulizwa, hata ikiwa ni ndogo sana, kwa ajili ya jambo jema ambalo na yeye atafaidika nalo?

Kabla sijalijibu, nikiri jambo. Niliposoma habari ya SNAP-9A mara ya kwanza, niliona raha fulani ya ajabu. Nilijiona mdhulumiwa. Nilianza kuandika kichwani makala kali: walitumwagia sisi, watu weusi wa pwani, taka zao. Ingependwa hiyo. Lakini si kweli. Vumbi lile lilibebwa na pepo za juu, na udongo ulipokuja kupimwa katika nchi mbalimbali, alama yake ilionekana kila bara. Sehemu kubwa ilishukia kusini mwa ikweta, lakini kaskazini pia ilifika, na hata waliorusha waliipata sehemu yao. Kadhalika, ilikuwa ndogo ukilinganisha na plutoniamu iliyokwisha kumwagwa hewani na majaribio ya mabomu ya nchi kubwa. Miale yake ya alfa huzuiwa hata na karatasi. Dhara lake ni pale inapoingia mapafuni na kukaa. Imetawanyika mno. Siwezi kumwonyesha mtu mmoja wa Makunduchi au wa Mombasa nikasema, huyu hapa, aliumwa kwa sababu ya setilaiti ile. Anayetaka kulalamika kwa haki lazima aanze kwa kusema hivyo.

Basi kama hakuna wa kumwonyesha, kesi imekwisha? Hapo ndipo ninapotaka kusimama kidogo, na itabidi nitoke angani nije uani kwangu.

Nyumba yetu ina sola. Umeme wa kawaida upo, ila tabia zake mnazijua. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na betri tatu kuukuu, zile nzito za risasi, zimeshakufa. Mtu wa vyuma chakavu alizitaka bila ya maji yake, maana kuyabeba ni kazi. Mimi nikayamwaga nyuma ya nyumba. Maji ya betri, mtu yeyote anajua, ni asidi, na ile risasi iliyochakaa humo ndani ni sumu. Nilichimba kishimo, nikamwaga, nikafukia. Nilijiambia ni kidogo tu. Na kwa kweli ilikuwa kidogo. Kishimo chenyewe kilikuwa ndani ya mpaka wangu.

Nyuma ya nyumba yetu anaishi mama mmoja mtu mzima, mjane, ana matuta yake ya mchicha. Ikanyesha masika. Baada ya muda upande mmoja wa tuta ukawa wa manjano, kisha ukafa. Labda ni mimi. Labda ni wadudu, au chumvi, au mbegu mbovu. Sikupima, na sina cha kupimia. Lakini dhamiri inaweza kuuma bila kipimo, nikaenda nikamweleza. Nilikwenda na hoja zangu zote: kwamba yalikuwa kidogo, kwamba sikujua maji yanateremkia kwake, kwamba nitamlipa mchicha.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema: "Si mchicha, mwanangu. Mchicha utaota. Ungeniambia tu. Ningelihamisha tuta."

Maneno hayo yamenifundisha zaidi ya vitabu vingi vya falsafa nilivyowahi kuviazima. Kiswahili kina maneno mawili yanayokaribiana kwa sauti, dhara na dharau. Mimi nilikwenda kuzungumzia dhara: kiasi gani, fidia gani. Yeye alikuwa anazungumzia kitu kingine. Na tazama kwamba hakusema nimemvunjia heshima, au kwamba angekataa. Alisema angehamisha tuta. Kumwambia mtu, kwa maelezo yake, ni kumpa nafasi ya kufanya jambo kwa ajili yake mwenyewe. Nilipokaa kimya nilijifanya mimi ndiye mwenye akili peke yangu kati ya nyumba mbili, ndiye wa kupima, kuamua na kusamehe. Yeye nilimfanya ardhi tu ambayo maji hupitia.

Nirudi juu sasa. Wanaotetea safari hizi huwa na majibu matatu, na yote matatu yana uzito.

La kwanza: hatari ni ndogo. Ni kweli, nimekwisha kukubali. Lakini nani alipima? Vumbi la SNAP-9A lilikusanywa kwa maputo ya kupanda juu na kupimwa katika maabara za Marekani yenyewe, nchi iliyolimwaga. Sisemi walidanganya, walichapisha matokeo, na mimi ninayajua kwa sababu walichapisha. Nasema tu kwamba upande huu wa bahari hapakuwa na mtu mwenye puto wala maabara ya kusema ndiyo au hapana. Mwenye jiwe ndiye huyohuyo mwenye mizani. Pengine mizani ni sahihi, ila asiye nayo hana njia ya kujua zaidi ya kumwamini aliyemrushia jiwe. Tazama tofauti: mwezi Januari 1978 setilaiti ya Urusi ya Kisovieti, Kosmos 954, iliyokuwa na kinu cha nyuklia, iliangukia kaskazini mwa Kanada. Kanada ilikuwa na ndege, vipimo na wataalamu. Ikakusanya vipande, ikapeleka madai ya dola milioni sita za Kanada, na mwaka 1981 ikakubaliana kulipwa milioni tatu. Anayeweza kupima ndiye anayeweza kudai.

La pili: faida ni ya wote. Elimu ya Zohali si ya Marekani peke yake. Na hili nalo nalikubali, nimesema picha nilizibandika mwenyewe. Lakini neno "wote" lina tabia ya kuwasahau watu. Mnajua kwamba kila Voyager ilibeba santuri ya dhahabu yenye salamu za dunia kwa lugha 55? Kiluganda kimo. Kinyanja kimo. Hata Kisumeri kimo, lugha ambayo haina mzungumzaji kwa maelfu ya miaka. Kiswahili hakimo. Si kosa la jinai, na wala silii kwa hilo. Ni ukumbusho mdogo tu kwamba mtu akisema "kwa niaba ya wanadamu wote", inafaa umuulize ameongea na nani.

Mbali zaidi ya hapo, "wote" hawakuanza kuchangia juzi. Sehemu kubwa ya urani iliyoutumikia mradi wa bomu la kwanza la Marekani ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, katika Kongo ya Wabelgiji. Waliolitoa lile jiwe ardhini hawakuelezwa linakwenda kufanya nini. Plutoniamu yenyewe ilizaliwa katika zama hizohizo, katika maabara ya Berkeley, na aina ya kwanza kabisa kupatikana ilikuwa hii ya 238, miaka ishirini kabla mtu hajaitia kwenye setilaiti. Kazi ya kutuma vyombo mbali ilikua kwenye shina la kazi ya siri, na tabia ya siri haikuisha mara moja.

La tatu ndilo linalonigusa: walijifunza. SNAP-9A iliundwa makusudi ili ikianguka iungue na kutawanyika juu kabisa. Baada ya 1964 wakabadili fikra nzima. Kuanzia hapo mafuta yakafungwa yasitawanyike hata roketi ikiharibika. Leo plutoniamu hugeuzwa kuwa oksidi ngumu kama kigae, ambayo ikivunjika hutoka vipande badala ya unga wa kuvutwa puani. Kila kidonge huvishwa iridiamu, metali adimu isiyoyeyuka mpaka joto lipite nyuzi 2,400. Juu ya iridiamu huja grafiti, na juu yake ngao ya nyuzi za kaboni. Na yamejaribiwa. Mwezi Mei 1968 roketi ya setilaiti ya Nimbus iliharibiwa angani muda mfupi baada ya kuruka. Vidonge viliopolewa baharini karibu na California, vikiwa vizima, na mafuta yake yakatumika tena kwenye safari nyingine. Mwezi Aprili 1970 Apollo 13 ilirudi na mzigo ambao ulitakiwa ubaki mwezini, karibu kilo nne, na mzigo huo ukazama kwenye shimo la bahari la Tonga. Uko huko mpaka leo, na walipopima hewa na maji hawakuona uliovuja.

Hiyo ni toba ya vitendo, na mimi naiheshimu. Mhandisi aliyekaa usiku akijiuliza iridiamu itapasuka kwa mgongano wa kasi gani alikuwa anamfikiria mtu asiyemjua, labda mvuvi wa Pemba. Ni zaidi ya nilivyofanya mimi na kishimo changu.

Lakini mama wa mchicha angeuliza bado: mmejifunza kutomwaga, je, mmejifunza kusema?

Kidogo, ndiyo. Kabla ya Cassini kuruka mwezi Oktoba 1997 na kilo karibu 33 za plutoniamu, taarifa ndefu ya hatari zake ilichapishwa, watu wakaisoma, wakaandamana, wakaenda mahakamani. Mwezi Agosti 1999 chombo kilirudi kupita karibu na dunia, kilomita 1,170 hivi juu yetu, ili kichukue kasi ya kuelekea nje. Uwezekano wa kuanguka ulikadiriwa kuwa chini ya mmoja katika milioni. Hakikuanguka. Na tangu 1992 Umoja wa Mataifa una kanuni zinazotaka anayerusha kitu cha nyuklia achapishe tathmini ya usalama kabla, na atoe taarifa kikianza kurudi. Kabla ya hapo hatukuwa na hata hilo.

Mwisho wa Cassini ndio uliomaliza usingizi wangu. Mwezi Septemba 2017, mafuta ya kukiongozea yakikaribia kuisha, walikielekeza makusudi kikaungulie ndani ya Zohali. Sababu? Kuulinda mwezi mdogo uitwao Enceladus. Chini ya barafu yake kuna bahari ya maji, na katika maji hayo huenda, huenda tu, kukawa na viumbe vidogo visivyoonekana kwa jicho. Walichelea chombo kisije kikawaangukia na kuwapelekea vijidudu vya duniani. Hakuna aliyedai ushahidi kwanza kwamba viumbe hivyo vipo. Shaka ilitosha.

Niliposoma hayo nilifurahi, kisha nikanyamaza muda mrefu. Huo ndio uungwana hasa. Jirani ambaye hujui kama yupo, huna lugha naye, hana puto wala balozi, unamhifadhia uwanja wake. Na kama uungwana huo unawezekana kwa kijidudu cha kudhaniwa, basi mwaka 1964 ulishindikana kwa babu yangu si kwa sababu ulikuwa mgumu. Ni kwamba hakuna aliyemfikiria.

Kuna mtu ataniambia, na ana haki: huwezi kuwauliza watu wote wa dunia. Mwaka 1970 huko Paris mgonjwa mmoja aliwekewa kifuani kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo kilichoendeshwa na plutoniamu hii hii, na wengine wakafuata. Hao waliweza kuelezwa, na kuchagua. Mabilioni hawaelezeki kitandani mmoja mmoja. Tungesubiri kila mtu akubali, Voyager isingeondoka, na mimi ningekuwa na ukuta mtupu darasani.

Nakubali. Sidai kura ya dunia nzima. Nadai kitu ambacho mama yule alikitaka, ambacho ni kidogo zaidi na labda ni kigumu zaidi. Kwanza, atafutwe njia isiyomgusa jirani, na itafutwe kwa dhati. Galileo ilikwenda Mshtarii mwaka 1989 kwa plutoniamu. Juno ilikwenda hukohuko mwaka 2011 kwa sola, na Europa Clipper ikafuata mwaka 2024 kwa sola pia, kwa mabawa marefu kuliko uwanja wa mpira wa kikapu. Palipowezekana, pawezekane. Pili, jirani aambiwe kabla, kwa maneno anayoyaelewa, maana taarifa ya kurasa mamia kwa Kiingereza cha wanasheria ni namna nyingine ya kunyamaza. Tatu, awe na mahali pa kusema "hapana" au "mbona", na anayeulizwa awe na wajibu wa kumjibu. Si lazima ashinde. Lakini asikilizwe kama mtu mwenye tuta, ambaye huenda ana la kufanya nalo.

Na kama baada ya yote hayo chombo kinahitaji joto lile, kama Dragonfly inayotarajiwa kuondoka mwaka 2028 kwenda Titan, ambako jua ni hafifu na ukungu ni mzito, basi mimi kwa nafsi yangu nasema kiende. Nitakifuatilia. Nitabandika picha. Ila nitakuwa nimeambiwa, na nitakuwa nimesema kiende. Zamani niliiona hiyo ni tofauti ndogo.

Babu amefariki, sikuwahi kumwomba radhi kwa vile vicheko. Mwaka jana nilinunua betri nyingine, kubwa kuliko zile. Kabla sijaifunga nilikwenda nyuma kwa jirani, nikamweleza nimeleta nini, ina nini ndani, itakaa wapi. Aliniuliza kama inapasuka. Nikamjibu. Akaniuliza ikifa nitaipeleka wapi.

Nilikuwa sijafikiria. Nilimwambia hivyo. Akanikaribisha nikae, akaingia ndani kuleta kahawa, tukaanza kuulizana nani mjini anapokea betri mbovu pamoja na maji yake.